Maji ya Seyyid Barghash

Seyyid Barghash bin Said alipokalia kiti cha usultani Oktoba 1870, mji wa Unguja ulikuwa bado haujaanua matanga. Kipindupindu kiliingia mwishoni mwa 1869, kikatembea mtaa kwa mtaa kutoka Malindi hadi Shangani, kikavuka hadi vibanda vya Ng'ambo, na kilipotoka kilikuwa kimezoa maelfu ya roho, mabaharia na wapagazi, watumwa na mabibi wa majumba makubwa. Wenyeji hawakuwa wageni nacho. Kilikuja 1821, kikarudi 1836 na 1837, kikarudi tena 1858 na 1859. Huu ulikuwa ujio wa nne, na mtu wa makamo aliweza kuwa ameshuhudia yote. Kisha Aprili 1872 kimbunga kikang'oa minazi na mikarafuu na kuzamisha vyombo bandarini, merikebu za Sultani mwenyewe zikiwemo.

Barghash hukumbukwa kwa majumba yake, na kwa mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Mkunazini, mkataba alioutia sahihi huku manowari za Kiingereza zikiwa tayari kumfungia bandari. Watalii hupelekwa kuona jumba lake la Beit al-Ajaib na kuambiwa habari za milango yake. Kwa maoni yangu kazi yake kubwa kuliko zote ni ile ambayo sehemu yake kubwa haionekani, nayo ni bomba la maji.

Ili kuelewa uzito wake ni lazima kwanza kuujua mji ulivyokaa. Ulijengwa kwa sababu ya bandari, na mahali pazuri kwa jahazi si lazima pawe pazuri kwa mtungi. Mji wa mawe, unaoitwa leo Mji Mkongwe, ulisimama juu ya rasi iliyokaribia kuwa kisiwa ndani ya kisiwa. Mbele yake bahari, nyuma yake mkono wa bahari ulioutenga na mtaa wa Ng'ambo, ukiingia pale ambapo leo ni Darajani na Barabara ya Mkapa. Maji ya bamvua yakijaa, mkono ule ulimeta vizuri. Yakipwa, uliacha tope tupu, na kila kilichotupwa humo kikabaki wazi juani. Ufukwe wa mbele haukuwa bora. Taka za jikoni, mizoga ya wanyama, kinyesi, hata maiti za watumwa ambao mabwana wao waliona hawastahili gharama ya sanda, vyote viliachiwa mawimbi yavichukue. David Livingstone, aliyepita hapo 1866, aliulalamikia uvundo wa ufukwe huo kwa maneno makali, na yeye hakuwa mtu wa kushtushwa na mambo madogo.

Maji ya kunywa yalitoka katika visima. Ardhi ya rasi ile ni mawe ya matumbawe na mchanga, yenye matundu kila mahali. Mvua ikinyesha hunyonywa mara moja, na chochote kinachomwagwa juu hushuka kwa njia hiyo hiyo. Kisima kilichimbwa uani, na choo cha shimo kilichimbwa hatua chache tu kutoka hapo, kwa kuwa kiwanja chenyewe kilikuwa chembamba. Maji ya visima hivyo yalikuwa na ladha ya chumvichumvi, yakifaa kufulia na kuogea, ingawa wasio na uwezo waliyanywa pia. Wenye nyumba kubwa walikinga mvua kutoka kwenye mapaa. Wengine walitegemea wanawake, wengi wao watumwa, waliobeba mitungi kichwani kutoka visima vya nje ya mji. Manahodha wa meli za kigeni walituma mashua zao kaskazini hadi Mtoni, ambako kijito cha maji baridi kilishuka baharini karibu na jumba la Seyyid Said, baba yake Barghash. Kwa ufupi, mji mkubwa kuliko yote ya pwani hii, uliouza karafuu na pembe za ndovu duniani kote, haukuwa na maji ya kuaminika ya kumpa mgeni.

Isidhaniwe kwamba watu wa pwani hawakujua kutunza maji. Misikiti ya kale ilijengwa pamoja na kisima na birika la kutawadhia. Huko Lamu walikuwa na ujuzi ambao mimi naupenda zaidi. Ndani ya birika la bafuni waliweka samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, na sakafuni mwa birika wakazika bakuli la kauri. Maji yakichotwa hadi karibu kuisha, samaki walibaki na kidimbwi chao ndani ya bakuli wakingojea birika lijazwe tena. Ujuzi wa namna hiyo ulitosha nyumba, ukatosha mtaa. Haukutosha mji uliofurika watu ghafla kwa sababu ya biashara.

Aliyeandika kwa makini jinsi mji huo ulivyougua ni daktari mmoja wa Kiskoti, James Christie, aliyekaa Unguja tangu miaka ya 1860 na kufikia kuwa tabibu wa Sultani. Kitabu chake kuhusu kipindupindu katika Afrika Mashariki kilichapishwa London 1876. Thamani yake iko katika namna alivyofanya kazi. Christie hakuwa na darubini ya kumwonyesha kijidudu, kwani Robert Koch alikuja kukitenga na kukieleza miaka ya 1883 na 1884. Alichokuwa nacho ni masikio. Aliwauliza wazee Waswahili na Waarabu wanakumbuka nini kuhusu 1821. Aliwauliza wafanyabiashara wa misafara walipita wapi, mwezi gani, na nani alikufa kambini. Kwa masimulizi hayo akachora njia ya ugonjwa. Wa 1858 ulikuja kwa vyombo vya baharini, kama wengi walivyotarajia. Ule wa 1869 ulipitia bara, kutoka pande za Bahari ya Shamu na Uhabeshi, ukashuka kwa njia za Wamasai hadi Pangani, na kutoka Pangani ukapanda jahazi kuja Unguja. Baadaye ukarudi bara pamoja na wapagazi, kwa njia za pembe, hadi Manyema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Tunamsifu Christie, na anastahili, lakini nusu ya elimu ile ilikuwa ya watu waliomsimulia, ambao majina yao wengi hatunayo.

Huko London nako John Snow alikuwa ameonyesha tangu 1854, kwa kisa cha pampu ya Broad Street, kwamba kipindupindu hupita katika maji ya kunywa. Wengi bado waliamini kwamba uvundo wenyewe ndio unaoua. Kwa Unguja ubishi huo haukuwa na tofauti kubwa, maana uvundo na maji vilikuwa jirani.

Barghash alikuwa na elimu nyingine, aliyoipata kwa njia ya adhabu. Mwaka 1859, baba yao Seyyid Said akiwa ameshafariki, alijaribu kumpindua kaka yake, Sultani Majid. Akashindwa, na Waingereza wakampeleka Bombay, akakaa huko hadi 1861. Miaka hiyo hasa Bombay ilikuwa katika kishindo cha maji. Bwawa la Vihar, kaskazini mwa mji, lilianza kujengwa 1856 na kukamilika 1860, na mabomba ya chuma yakaleta maji yake hadi katikati ya mji uliokuwa ukitegemea visima na matangi. Ni vigumu kuamini kwamba mtoto wa mfalme aliyetoka mji wa visima vya chumvi, aliyekaa huko bila kazi na mwenye macho makali kama yake, alipita bila kuyatazama mabomba hayo. Alirudi na ladha nyingi za Bombay, na majengo yake yanaonyesha.

Bombay ilikuwa na funzo jingine ambalo halikuvuka bahari pamoja naye. Maji ya Vihar yaliletwa mjini kabla ya mifereji ya majitaka kuwa tayari. Mtu anayechota ndoo moja humwaga ndoo moja, na anayepata bomba humwaga bomba. Mji ulipopata maji mengi, ardhi yake ikalowa uchafu mwingi. Wahandisi wa Bombay walihangaika na jambo hilo kwa miaka mingi.

Mwaka 1875 Barghash alizuru Uingereza, akapokelewa kwa heshima zote. London aliyoiona ilikuwa inakamilisha mifereji mikubwa ya Joseph Bazalgette, iliyoanzishwa baada ya uvundo wa mto Thames wa kiangazi cha 1858 kukaribia kuwafukuza wabunge ukumbini. Mifereji ile iliuokoa mji kwa kuupeleka uchafu wake mbali kidogo, chini ya mto, ukaachiwe kupwa na kujaa. Septemba 1878 meli ya abiria iitwayo Princess Alice iligongwa na kuzama karibu kabisa na midomo ya mifereji hiyo, wakafa watu zaidi ya 600. Ndipo watu wa London walipokumbushwa kwamba mtoni, chini kidogo, uchafu wao ulikuwa bado upo.

Sasa turudi Unguja. Kisiwa hiki kina sura mbili. Mashariki ni maweni, uwanda wa matumbawe makavu yenye udongo haba. Magharibi kuna vilima na udongo mzito, na mvua za masika na vuli zikiingia huko hutokea tena chini kama chemchemi. Upande wa Bububu, kilomita 10 hivi kaskazini mwa mji, maji matamu yalibubujika mwaka mzima. Huko ndiko baba yake Barghash alikojenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Barghash aliamuru maji ya chemchemi hizo yaletwe hadi mjini. Mfereji na mabomba yalishuka sambamba na pwani, yakipita mashamba na majumba ya kifalme, na ukienda Marhubi, jumba lililomalizika 1882 na kuungua 1899, bado utaona nguzo za mawe zilizobeba mfereji wa juu.

Maji hayo hayakusukumwa na mtambo wowote. Chemchemi zilikuwa juu kidogo kuliko mji, basi mafundi walihitaji tu kulinda mteremko, hatua kwa hatua, usipotee mahali popote. Bomba likiwa zima na chemchemi ikiwa hai, maji yalifika, usiku na mchana, Sultani awe macho au amelala. Mjini yaligawanywa bure. Mtumwa na tajiri walichota mahali pamoja, na meli bandarini zikapata maji bila kutuma mashua Mtoni. Waingereza walioandika juu ya Unguja baadaye, ambao hawakuwa wepesi wa kumsifu Barghash, walikiri kwamba hakuwapa watu wake zawadi iliyozidi hiyo.

Palipo maji, watu huoga. Barghash akajengesha hamamu ya umma katikati ya mji, kazi ya fundi Haji Gulamhussein, kwa mtindo wa Kiajemi. Mtaa ule hadi leo unaitwa Hamamni. Palikuwa na chumba cha kuvulia nguo, vyumba vya moto na vya baridi, vinyozi na wakandaji, na jamii yoyote ilikuwa na ruhusa ya kuingia kwa ada. Maji yalichemshwa, yakatumika, yakatoka. Yalitoka kwenda wapi? Yalifuata mteremko, na mteremko wa mji ule huishia baharini.

Barghash alifariki Machi 1888, na miaka miwili baadaye Unguja ikawa himaya ya Waingereza. Watawala wapya waliurithi mfumo wa maji na kuupanua. Kuhusu uchafu waliandika zaidi kuliko walivyotenda. Profesa W. J. Simpson alipita kukagua afya ya miji ya Afrika Mashariki kabla tu ya Vita vya Kwanza, na mpangamiji H. V. Lanchester akatoa mpango wa mji 1923. Mifereji ya majitaka na ya mvua ilichimbwa chini ya vichochoro vya Mji Mkongwe, midomo yake ikafunguliwa baharini. Ng'ambo, walikoishi watu wengi zaidi, iliachiwa mashimo yake. Mkono wa bahari ulifukiwa polepole mpaka ukatoweka, na pamoja nao likatoweka bwawa la tope ambalo kila mmoja alilichukia. Lilikuwa pia mahali ambapo maji ya mvua ya Ng'ambo yalitulia kabla ya kuingia baharini. Mafuriko ya masika upande ule wa mji hayakuanza kwa bahati mbaya.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 mji ulipanuka kuelekea mashariki na kaskazini, na maji yakaendelea kuhesabiwa kuwa huduma isiyolipiwa, jambo ambalo watu wengi waliliona kama haki ya urithi. Chemchemi hazikutosha tena. Vikachimbwa visima virefu, na pampu za umeme zikachukua kazi ambayo mteremko uliifanya bila mshahara. Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2006, na ada ikaanza kutozwa kwa watu ambao mababu zao hawakuwahi kuulizwa senti kwa maji ya kunywa. Manung'uniko yalikuwa mengi. Nawaelewa walionung'unika, na naelewa pia kwamba pampu haili hewa.

Bei halisi ya pampu ilijulikana 2008. Mwezi Mei nyaya za umeme zitokazo Tanzania Bara chini ya bahari hadi Fumba ziliharibika, na Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 umeme ukakatika tena, safari hii hadi Machi 2010. Giza watu waliliweza, wakawasha vibatari na majenereta. Kilichowakaba ni maji, kwa kuwa visima virefu vilinyamaza pamoja na taa. Mikokoteni ilijaa madumu ya njano, visima vya zamani vilivyosahauliwa vikafunuliwa na kutiwa kamba, na wanawake wakarudi kupanga foleni alfajiri, kama mabibi zao kabla ya Barghash.

Tatizo la kisima cha kisiwani halikomei kwenye umeme. Chini ya Unguja maji baridi yameelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kanuni iliyoelezwa na wataalamu wa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19 inasema kwamba kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna mita kama 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Inafurahisha ukiisoma hivyo. Igeuze sasa: ukivuta kwa pampu ukashusha maji ya juu mita moja, chumvi inaweza kupanda mita 40 kutoka chini. Ndiyo maana msitu wa Masingini, juu ya vilima vya magharibi, umehifadhiwa kama chanzo cha maji, na ndiyo maana kila nyumba inayojengwa juu ya maeneo yanayonyonya mvua ni jambo la mji mzima.

Kipindupindu nacho kilirudi, 1978, kikaendelea kurudi kila baada ya miaka kadhaa, ukiwemo mlipuko wa 2015 na 2016 ulioanzia Dar es Salaam. Safari hizi palikuwa na dripu, chumvi za kuongeza maji mwilini na hata chanjo, na maelfu hawakufa. Njia ya ugonjwa, hata hivyo, Christie angeitambua mara moja.

Hiyo ndiyo habari ya nchi kavu. Baharini hadithi ilikuwa inaandikwa kwa mkono mwingine, na wasomaji wake wa kwanza walikuwa wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyokuwa wakati huo hapo hapo Mji Mkongwe, na wenzao. Mwaka 1995 timu iliyomjumuisha mtaalamu wa mimea ya bahari Adelaida Semesi ilichapisha matokeo ya kuchunguza miamba iliyo mbele ya mji. Walitazama mwani mgumu wenye chokaa, ule unaofanana na rangi ya waridi iliyopakwa juu ya jiwe. Hauliwi, hauuzwi, na mtalii hupita juu yake bila kuuona. Kazi yake ni kushika vipande vya matumbawe vilivyovunjika na kuvigandisha, na machipukizi ya matumbawe huupenda kwa kutua. Walikuta kwamba kadiri mwamba ulivyokuwa karibu na midomo ya majitaka ndivyo mwani huo ulivyopungua. Walioshukiwa ni fosfati, zinazotoka katika kinyesi na sabuni. Fosfati huuzuia mwani huo kujenga chokaa yake, na hapo hapo huneemesha mimea laini inayoota haraka na kuyafunika matumbawe. Mwamba usiogandishwa hubomoka, na wimbi ambalo lingevunjikia mbali huja kuvunjikia ufukweni.

Kusini mwa mji, mwendo wa mashua tu, kuna kisiwa kidogo cha Chumbe, chenye mnara wa taa wa 1904. Bahari yake ilikuwa haivuliwi kwa muda mrefu, kwa sababu ya meli na shughuli za kijeshi, na mwamba ukabaki mzima. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza hifadhi, chini ya uendeshaji wa watu binafsi, na baadhi ya waliokuwa wavuvi wakafunzwa kuwa walinzi. Chumbe hakuna chemchemi wala kisima. Vyumba vyake saba vya wageni vina mapaa yaliyojengwa kukinga mvua. Maji hupita katika kichujio cha kokoto na mchanga, yakaingia kwenye tangi chini ya sakafu, na hapo ndipo mgeni huoga. Maji aliyoogea hupelekwa kwenye bustani ndogo ya mimea inayopenda fosfati na naitrati, mimea ikayanywa. Vyoo havitumii maji kabisa, bali huozesha kinyesi kikawa mbolea. Hakuna bomba linaloingia baharini. Nilipokuwa nasoma juu ya mitambo hiyo niliona kwamba hakuna hata mmoja ambao fundi wa birika la Lamu angehitaji kuelezwa mara mbili.

Lakini ni vyumba saba. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 893,169 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, na hakuna atakayewawekea bustani ya kunywa maji ya kuogea mlangoni kila mmoja wao. Mwaka 2018 Tanzania ilitia sahihi mkopo wa dola milioni 92 kutoka India kwa ajili ya kukarabati na kuboresha usambazaji wa maji Zanzibar. Mkopo huo ni wa maji yaingiayo. Sehemu kubwa ya maji yatokayo bado inapitia katika mashimo ya Ng'ambo na mifereji ya Mji Mkongwe, na kutoka hapo hadi baharini hayapiti kichujio chochote zaidi ya mchanga.